Nduna Songea Mbano na Kumbukumbu ya Upande Mmoja

Mwalimu anayefundisha historia katika shule ya msingi ana kazi mbili ambazo hana budi kuzifanya kwa pamoja. Ya kwanza ni kuwapasha watoto habari za watu waliotutangulia. Ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kuwazoeza watoto hao kuzipima habari wanazopewa, hata zile wanazozipenda. Katika makala haya tumekusudia kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake hutajwa kila siku katika Mkoa wa Ruvuma, naye ni Nduna Songea Mbano.

Tumemchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, mwalimu atakayepangiwa kufundisha Mpitimbi, au katika kijiji kingine chochote cha Songea, hawezi kulikwepa jina hilo, kwa kuwa watoto huja nalo shuleni kutoka nyumbani kwao. Pili, maisha yake, pamoja na mambo yaliyofuata baada ya kifo chake, yanatuonyesha waziwazi tabia moja ya akili ya binadamu. Tabia yenyewe ni hii: mtu hukumbuka upesi yale yanayoiunga mkono imani aliyo nayo tayari, na husahau upesi yale yanayoipinga. Wahenga wetu waliijua tabia hiyo zamani, ndiyo maana wakatuachia usemi kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa mwalimu, usemi huo hautoshi kujulikana tu. Yafaa utumike darasani.

Chimbuko la Wangoni wa Songea

Wangoni hawakuwa wenyeji wa asili wa nchi ya Songea. Asili yao ni kusini mwa Afrika, katika nchi za Wanguni, ambako mapema katika karne ya 19 vita vilivyofungamana na kukua kwa dola la Wazulu chini ya Shaka viliyatawanya makundi mengi ya watu. Kundi moja liliongozwa na Zwangendaba. Lilielekea kaskazini, likavuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, na hatimaye likafika Ufipa, ambako Zwangendaba alifariki katika miaka ya 1840.

Baada ya kifo chake wafuasi wake waligawanyika. Baadhi yao waliandamana na Zulu Gama na Mbonani Tawete, wakashika njia ya mashariki hata wakafika katika nchi ambayo leo tunaiita Songea. Huko waliwakuta Wangoni wengine, yaani Wamaseko, waliokuwa wamekuja kwa njia nyingine. Makundi hayo mawili yaligombana, na katika miaka ya 1860 Wamaseko walishindwa, wakavuka mto Ruvuma kurudi kusini.

Washindi waliunda falme mbili. Ufalme wa Mshope ulikuwa kaskazini chini ya ukoo wa Tawete, na ufalme wa Njelu ulikuwa kusini chini ya ukoo wa Gama. Nchi ya Mpitimbi, iliyo kusini mwa mji wa Songea, ilikuwa upande wa Njelu. Kila ufalme ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa nkosi, na chini ya nkosi walikuwapo manduna, waliotawala sehemu za nchi na kuongoza vikosi vya vita. Nguvu ya falme hizo ilitokana na uwezo wao wa kuwameza watu wa makabila mengine. Kijana aliyetekwa vitani alilelewa katika nyumba ya Kingoni, akafunzwa silaha, akajifunza desturi, na baada ya muda akahesabiwa kuwa Mngoni. Kufikia mwisho wa karne ya 19, wengi kati ya watu walioitwa Wangoni walikuwa wazao wa watu waliotekwa au waliomezwa kwa namna hiyo.

Hapo tayari tunakutana na jambo la kwanza la kumfundisha mtoto. Habari za safari ndefu kutoka kusini husimuliwa kwa fahari, na ni za kweli. Habari za wale waliokuwa wakiishi katika nchi hii kabla ya safari hiyo kufika mwisho wake hazisimuliwi kwa wingi kama huo, ingawa nazo ni za kweli.

Nduna mwenye nguvu

Songea Mbano alikuwa mmoja wa manduna wa Njelu. Katika siku zake nkosi alikuwa na heshima kubwa, lakini manduna walikuwa na watu, na mwenye watu ndiye aliyekuwa na nguvu. Songea alikuwa na watu wengi. Alikuwa kiongozi wa vita, na pia alishiriki katika biashara iliyounganisha nchi ya Wangoni na pwani. Misafara ilitoka Kilwa ikileta nguo, bunduki na baruti; ilirudi na pembe za ndovu na watumwa. Watumwa hao walipatikana kwa kuwashambulia majirani.

Hatuna budi kulisema jambo hilo bila kulificha, kwa maana ndilo linaloachwa mara nyingi. Wamatengo, kwa mfano, walikimbilia milimani kwa sababu ya mashambulizi ya Wangoni. Inaelezwa kwamba kusongamana kwao katika miteremko mikali ya Mbinga kulichangia kukua kwa kilimo chao mashuhuri cha ngolo, ambacho mkulima huchimba vishimo vingi ili maji ya mvua yasichukue udongo. Basi mtoto wa Kimatengo na mtoto wa Kingoni wanaweza kuketi katika dawati moja, kila mmoja akiwa na kumbukumbu yake ya karne ya 19, na wote wawili wakasema kweli.

Kuja kwa Wajerumani

Mwaka 1897 Wajerumani waliingia katika nchi ya Wangoni wakiwa na askari, wakawalazimisha viongozi kuwatii. Walijenga boma lao karibu na makao ya Nduna Songea, na boma hilo likaitwa kwa jina lake. Mji uliokua kandokando ya boma ukalirithi jina hilo hadi leo. Mwaka 1898 wamishenari Wabenediktini walifungua misheni yao Peramiho.

Utawala mpya ulikata mizizi ya utawala wa zamani. Vita vya kuteka watu vilikatazwa, na biashara ya watumwa ikakomeshwa, hivyo manduna wakakosa mali waliyokuwa wakiitegemea. Watu waliokuwa chini yao walianza kuwaponyoka, wengine wakaenda misheni, wengine wakaenda kutafuta kazi ya mshahara. Kodi ya nyumba ililetwa. Tena mmishenari mmoja alikichoma moto kibanda cha mahoka, yaani mahali pa kuwaombea wazee waliokufa, jambo lililomuudhi sana Nkosi Mputa Gama.

Mwalimu na azingatie jambo hili. Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba Vita vya Maji Maji vilisababishwa na mashamba ya pamba ya shuruti. Hiyo ni kweli kwa upande wa Umatumbi na sehemu nyingine za karibu na pwani, ambako Gavana von Götzen alianzisha mashamba hayo mwaka 1902. Katika nchi ya Wangoni sababu zilikuwa nyingine, hizo tulizozitaja. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kukariri pamba ataikumbuka pamba hata akiwa Mpitimbi, mahali ambapo bibi yake angeweza kumweleza habari za kibanda cha mahoka. Jibu lililotangulia kukaa kichwani hulifungia mlango jibu linalofuata.

Maji na imani

Vita vilianza mwezi Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba. Kabla ya hapo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu maji yaliyoaminiwa kuwa yanaugeuza moto wa bunduki usimdhuru aliyeyapokea. Yeye mwenyewe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yaliendelea kusambaa. Yaliletwa katika nchi ya Wangoni na mjumbe aliyeitwa Kinjala. Nkosi Chabruma wa Mshope aliyapokea, na upande wa Njelu Nkosi Mputa Gama na manduna wake, Songea akiwa mmojawapo, wakaingia vitani.

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Ilikuwaje watu wenye akili, mabingwa wa vita kwa vizazi viwili, wayaamini maji hayo? Tukijibu kwamba walikuwa wajinga, tutakuwa tumekwepa swali. Yafaa tuangalie habari walizozipata na jinsi walivyozipanga akilini.

Habari za ushindi zilikuwapo, tena za kweli. Wapiganaji waliliteka boma la Liwale mwezi Agosti. Tarehe 14 mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho, aliuawa safarini pamoja na wenzake wanne. Habari hizo zilienda mbio, zikakumbukwa, zikasimuliwa tena.

Habari za kushindwa nazo zilikuwapo. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Mahenge haiko mbali sana na nchi ya Wangoni. Lakini habari za namna hiyo zilipokewa kwa njia nyingine. Maji yalikuwa na miiko yake: aliyeyapokea alikatazwa kulala na mwanamke, na alikatazwa kuteka mali za watu. Kwa hiyo, mtu alipopigwa risasi akafa, ilisemekana alivunja mwiko. Aliyepona alihesabiwa kuwa ushahidi wa nguvu ya maji, na aliyekufa alihesabiwa kuwa ushahidi wa nguvu ya miiko. Hapakusalia tukio hata moja ambalo lingeweza kuwaambia watu kwamba maji hayafai.

Na tusidhani kwamba mtego huo uliwanasa watu wa kusini mwa Tanzania peke yao. Mwaka 1620 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon aliandika kitabu ambamo alisimulia habari ya mtu aliyeonyeshwa, katika hekalu, picha za mabaharia walioweka nadhiri wakaokoka baharini. Mtu huyo aliuliza ziko wapi picha za wale walioweka nadhiri wakazama. Swali hilo lingefaa kuulizwa Songea mwezi Septemba 1905, na lafaa kuulizwa katika kila darasa leo.

Kushindwa na kifo

Mwezi Septemba misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 21 Oktoba 1905 jeshi la Wajerumani liliishambulia kwa ghafula kambi ya Wangoni kwa bunduki za rashasha, na watu wengi sana waliuawa. Siku hiyo imani ya maji ilivunjika. Waliokimbia walikimbia wakisema kwamba dawa ile ni uongo. Tunaona basi kwamba imani haikuvunjwa na habari iliyotoka mbali, ambayo kila mtu aliweza kuigeuza apendavyo. Ilivunjwa na jambo ambalo kila mtu alilishuhudia kwa macho yake, wakati ambapo hapakuwa na nafasi ya kutafuta udhuru.

Vita havikuishia hapo. Wangoni waliendelea kupigana kwa makundi madogo madogo, na Wajerumani wakawajibu kwa kuchoma nyumba, mashamba na maghala ya chakula, ili njaa ifanye kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Viongozi walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama alinyongwa mjini Songea pamoja na wenzake, jumla yao wakiwa zaidi ya 60, nao wakazikwa katika kaburi moja. Kabla ya kunyongwa, baadhi yao walibatizwa na padre wa Wabenediktini.

Nduna Songea hakunyongwa siku hiyo. Masimulizi ya Songea yanaeleza kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki baada ya wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Masimulizi hayohayo yanaeleza kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Nkosi Chabruma alikimbilia Msumbiji, nchi iliyokuwa chini ya Wareno, akauawa hukohuko.

Hesabu ya waliokufa katika vita na njaa yake ni kubwa mno. Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000. Mwanahistoria Mtanzania G.C.K. Gwassa, aliyevichunguza vita hivyo kwa makini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Songea mmoja, kumbukumbu nyingi

Baada ya kufa, mtu huyu aliendelea kuishi katika vichwa vya watu, na kila kundi likamkumbuka kwa namna lilivyotaka.

Watawala wa Kijerumani waliamini tangu mwanzo kwamba Waafrika wanaongozwa na uchawi. Gavana von Götzen alishikilia kwamba chanzo cha vita kilikuwa waganga waliowadanganya watu. Imani hiyo ilimfaa sana, kwa sababu iliondoa lawama juu ya kodi, kazi za shuruti na ukatili wa maakida. Alikumbuka maji, akasahau pamba. Katika bunge la Ujerumani walikuwapo waliomkumbusha, na baada ya vita Gavana Rechenberg alipunguza baadhi ya shuruti hizo. Kwa hiyo tusiseme kwamba Mngoni aliyashika maji kwa ujinga na Mjerumani akapima mambo kwa elimu. Wote wawili walichagua katika habari zilizokuwa mbele yao, na bunduki ya rashasha haikuwa ushahidi wa akili bora.

Misheni nayo ilikuwa na kumbukumbu yake. Iliwakumbuka watu wake waliouawa na kanisa lililochomwa, ikakumbuka pia wale waliobatizwa saa ya mwisho. Kibanda cha mahoka hakikukumbukwa kwa kiasi hicho.

Taifa letu lilipopata uhuru lilihitaji mashujaa, nalo lilikuwa na haki ya kuwatafuta. Mnamo 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika uchunguzi ulioongozwa na wanahistoria John Iliffe na Gwassa, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita. Kazi hiyo iliokoa habari ambazo zingezikwa pamoja na wenyewe. Mwaka 1980 Makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa mjini Songea, mahali pa kaburi la mashujaa, na kila mwezi Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka. Katika kumbukumbu hii Songea ni mpinzani wa ukoloni na mfano wa umoja wa makabila. Ndivyo alivyokuwa mwaka 1905. Lakini Songea wa misafara ya Kilwa, aliyetajirika kwa kuwateka majirani, huonekana kwa shida katika kumbukumbu hiyo.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Nduna, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea. Tukio hilo linatuonyesha kwamba mambo haya si ya kale tu. Wapo watu walio hai ambao wanangoja mfupa wa babu yao urudi nyumbani. Mwalimu akiwaambia watoto kwamba Songea hakuwa na dosari, atakuwa amesema uongo; na akiwaambia kwamba Songea alikuwa mfanyabiashara ya watumwa tu, atakuwa amesema uongo pia, na tena atakuwa amewaumiza wenye msiba. Sharti aubebe ukweli wote kwa mikono miwili.

Namna ya kufundisha

Sasa tugeukie darasa. Tunapendekeza njia nne, ambazo mwalimu anaweza kuzitumia hata katika shule isiyo na vifaa.

Njia ya kwanza ni mchezo wa namba, wa kutayarisha akili kabla ya somo. Ulibuniwa na mwanasaikolojia Peter Wason, ambaye alichapisha matokeo ya jaribio lake huko Uingereza mwaka 1960. Mwalimu aandike ubaoni namba 2, 4, 6, aseme kwamba namba hizo zinafuata kanuni fulani, kisha awaombe watoto wataje namba nyingine tatu tatu ili waigundue kanuni hiyo. Yeye atajibu tu kwamba namba zao zinafuata au hazifuati. Watoto wengi watataja 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, na kila wakijibiwa kwamba zinafuata, watazidi kuamini kuwa kanuni ni kuongeza mbili. Kumbe kanuni ni kwamba namba ziwe zinapanda tu. Hata 1, 7, 50 zinafuata. Mtoto atakayeigundua ni yule atakayethubutu kujaribu namba anazodhani zitakataliwa. Watu wazima waliojaribiwa na Wason walinaswa vilevile. Wachache tu walipata jibu mara ya kwanza. Baada ya mchezo huo, mwalimu aeleze habari za maji na miiko yake, na watoto wataielewa mara moja.

Njia ya pili ni jedwali la safu mbili. Kila mtoto agawe ukurasa wa daftari kwa mstari wa katikati. Upande wa kushoto aandike habari zinazomwonyesha Songea kuwa shujaa. Upande wa kulia aandike habari ambazo shujaa asingependa zisimuliwe. Mwalimu asikubali ukurasa wenye upande mmoja mtupu. Mwanasayansi Charles Darwin alikuwa na desturi kama hiyo: kila alipokutana na jambo lililopingana na mawazo yake aliliandika papo hapo, kwa kuwa alikuwa ametambua kwamba mambo ya namna hiyo humtoka mtu kichwani upesi kuliko yale yanayomfurahisha. Ikiwa Darwin hakuiamini kumbukumbu yake, sisi nasi tusiiamini yetu.

Njia ya tatu ni kuwatuma watoto kwa wazee. Watoto wa Mpitimbi wawaulize babu na bibi zao habari walizorithi juu ya vita na juu ya Wangoni wa zamani, wakianza kwa shikamoo na kwa kuomba ruhusa, wala wasibishane na mzee. Jambo la lazima ni kwamba habari zitoke katika koo mbalimbali, za waliotawala na za waliotawaliwa, na kila habari iandikwe siku ileile. Baadaye darasani zilinganishwe. Zinapotofautiana, mwalimu asikimbilie kusema nani mwongo. Aulize kila msimulizi alikuwa na sababu gani ya kulikumbuka jambo hili na kuliacha lile.

Njia ya nne ni ya kupima kumbukumbu zenyewe. Mwalimu asome kwa sauti habari fupi ya maisha ya Songea, yenye mambo matano ya kumsifu na matano ya kumlaumu. Baada ya wiki moja, bila kuwaonya, awaambie watoto waandike wanayoyakumbuka, kisha kila mtoto ahesabu mwenyewe ni mangapi ya upande huu na mangapi ya upande ule. Hesabu hiyo isitolewe alama. Kusudi lake ni mtoto ajione mwenyewe.

Mwalimu ajipime pia

Tungekosa haki kama tungewahimiza watoto kujichunguza na kumwacha mwalimu nje. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto fulani ni mzito wa akili atakumbuka kila jibu baya la mtoto huyo, na majibu yake mazuri atayahesabu kuwa ya kubahatisha. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto mwingine ni hodari atafanya kinyume chake. Akipenda, chongo huita kengeza. Mwisho wa mwaka atajaza taarifa ya maendeleo kwa moyo mweupe, akidhani anaandika yale aliyoyaona, kumbe anaandika yale aliyoyatarajia. Tukilinganisha, huo ni mtindo uleule wa maji na miiko: afanyalo mtoto lolote linathibitisha imani ya mwalimu.

Dawa yake ni nyepesi, ingawa inataka uvumilivu. Mwalimu awe na daftari dogo, na kila Ijumaa achague watoto watatu ambao amekwisha kuwahukumu moyoni mwake, aandike jambo moja walilolifanya wiki hiyo ambalo halipatani na hukumu yake. Wiki asipoona jambo lolote, ajue kwamba hakutazama vizuri. Baada ya muhula mmoja alisome daftari lote kwa mfululizo kabla ya kujaza taarifa.

Nduna Songea Mbano alikufa mwaka 1906 akiwa na mengi nyuma yake: vita, mali, watu aliowalinda na watu aliowateka. Vizazi vilivyofuata vimekuwa vikichagua katika hayo kama mtu anayechambua mchele, ila mara nyingi chuya za mmoja zimekuwa mchele wa mwenzake. Mwalimu wa Songea asijitwike kazi ya kuwachambulia watoto. Awape ungo, awaonyeshe namna ya kupepeta, na awakumbushe kuzitazama zile punje wanazotaka kuzitupa kabla hawajazitupa.